Mtoto Awe na Umri Gani Ndipo Apelekwe Kwenye Bustani Kubwa za Michezo?

Mkulima hupanga safari baada ya mavuno, na mwalimu hupanga safari shule zifungwapo. Lakini askari hungoja amri, na amri haiulizi watoto wake wana umri gani. Kwa sababu hiyo, jambo ambalo katika nyumba nyingine ni la kuzungumzwa wakati wa chai tu huwa zito katika nyumba ya askari: je, watoto wamekwisha kufikia umri wa kupelekwa safari ya mbali, ya gharama kubwa, ambayo huenda isirudiwe tena?

Huko Marekani swali hili huulizwa mara nyingi juu ya bustani za michezo za Walt Disney zilizoko karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida. Wala haliwahusu waliozaliwa huko peke yao. Sheria ya nchi hiyo inamruhusu mgeni mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kujiandikisha jeshini, na miongoni mwa waliojiandikisha wamo vijana wa Afrika Mashariki, ambao sasa wana vyeo, na nyumba, na watoto.

Na ichukuliwe, kwa mfano, jamaa ya sajini mmoja wa namna hiyo, akaaye na mkewe katika nyumba za kambi katika jimbo la Georgia. Wana watoto watatu: binti wa miaka 9, mvulana wa miaka 4, na kitindamimba wa miezi 18. Sajini huyo amerudi mwezi wa Mei kutoka ng'ambo alikokuwa kikazi kwa miezi 9, yaani nusu ya maisha yote ya kitindamimba wake. Askari wa Marekani hupata siku mbili na nusu za likizo kwa kila mwezi wa utumishi, ambazo ni siku 30 kwa mwaka, naye amepewa siku 14 zitakazoanza shule zikifungwa. Usiku wa tatu tangu arudi, watoto wakiwa wamelala, alimwambia mkewe:

"Mama watoto, mwaka huu tuwapeleke Florida. Nimewaahidi katika simu."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nepi, hakuinua uso. "Umemwahidi nani, Baba watoto? Huyu mdogo akikuona anakimbilia gauni langu. Huko Florida atakwenda kuona nini?"

Jibu la mama huyo si la ubishi. Ndani yake mna hesabu kadhaa ambazo kila mzazi hana budi kuzipiga, na ya kwanza, ijapokuwa si kubwa kuliko zote, ni ya fedha.

Katika bustani hizo mtoto aliye chini ya miaka 3 huingia bila malipo. Kuanzia miaka 3 hadi 9 hulipiwa tiketi ya mtoto, ambayo bei yake hupungua kidogo tu kuliko ya mtu mzima, na atimizapo miaka 10 huhesabiwa mtu mzima. Tiketi ya kawaida ya siku moja hupita dola 100 hata kwa mtoto, na hupanda zaidi katika siku za watu wengi. Hapo ndipo wazazi wengi huvutwa kwenda mapema. Kitindamimba ataingia bure. Binti wa miaka 9 bado ni mtoto mbele ya karani wa tiketi, na mwaka ujao hatakuwa. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ni hesabu ya mlangoni. Kuingia si kucheza.

Hapa pafaa kukumbukwa jinsi bustani hizo zilivyoanza. Disney mwenyewe alikuwa akieleza kwamba wazo lilimjia alipokuwa ameketi juu ya benchi katika Griffith Park, mjini Los Angeles, akiwatazama binti zake wawili wakizunguka juu ya farasi wa mbao huku yeye hana la kufanya. Akataka pawepo mahali ambapo mzazi na mtoto wangeburudika pamoja. Bustani ya kwanza, Disneyland, ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 mjini Anaheim, California. Ile ya Florida ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, karibu miaka mitano baada ya Disney kufariki, na leo huko kuna bustani nne juu ya ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 100. Lakini mzazi mwenye mtoto mdogo mno hujikuta amerudi palepale alipokuwa Disney: juu ya benchi, akishika kofia na chupa za maji za wenzake waliokwenda kucheza. Tofauti ni kwamba Disney siku ile hakulipia benchi lake zaidi ya dola 100.

Hesabu ya pili ni ya urefu, nayo haina huruma. Mbele ya kila mchezo wa kasi pamesimamishwa kipimo. Msimamizi haulizi mtoto ana umri gani, wala baba yake ana cheo gani. Hutazama tu kama kichwa kimefikia mstari. Barnstormer, ambayo ni treni ndogo ya wanaoanza, hutaka mtoto awe na sentimita 89. Seven Dwarfs Mine Train hutaka 97. Tower of Terror, ile lifti inayoangushwa na kupandishwa, hutaka 102. Space Mountain, ambayo hukimbia gizani, hutaka 112 kule Florida, na Tron Lightcycle Run, iliyofunguliwa mwaka 2023, hutaka 122.

Mtoto wa wastani wa miaka 3 huwa na sentimita zipatazo 95. Wa miaka 4 huwa na 103 hivi. Wa miaka 5 hukaribia 110. Na wa miaka 7 hufikia kama 121. Msomaji akizilinganisha namba hizi mbili mbili ataona jinsi milango inavyofunguka. Mtoto akitimiza miaka mitatu na nusu hivi huanza kupata michezo michache iliyo nje ya ile ya watoto wachanga. Akikaribia miaka 6 michezo mingi humkubali. Akipita 7 ni michache sana itakayomkataa. Kwa mtoto mfupi, ongeza mwaka; kwa mrefu, punguza. Kati ya miaka 4 na 8 mtoto huongezeka kama sentimita 6 kwa mwaka, hata safari ikiahirishwa kwa miezi sita tu huweza kuwa na maana kwa mtoto aliyebakiza sentimita mbili.

Basi kabla ya kununua tiketi, mtoto na asimamishwe kwenye mwimo wa mlango akiwa amevaa viatu atakavyosafiri navyo, apigwe alama ya penseli, apimwe kwa futi ya fundi. Asiahidiwe mchezo kabla ya hapo. Mtoto aliyepanga foleni kwa saa nzima akarudishwa mlangoni mbele ya dada yake hulia kilio ambacho aiskrimu haikinyamazishi. Wako wazazi ambao hutia makaratasi ndani ya viatu vya mtoto ili afikie mstari. Kipimo hicho kimewekwa kwa sababu ya chuma kinachozuia mwili usiruke kitini, na chuma hakidanganyiki kwa karatasi. Askari wa usalama barabarani aliyewahi kumtoa mtoto katika gari lililopinduka hana haja ya kuelezwa zaidi.

Jambo moja dogo husahauliwa na wengi. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hapandi mchezo wowote ila awe na mtu wa miaka 14 au zaidi. Maana yake ni kwamba binti wa sajini, mwenye miaka 9, hawezi kumchukua mdogo wake wa miaka 4 wakapanda pamoja huku wazazi wakipumzika kivulini. Mzazi mmoja hana budi kuwa na mvulana daima, na mzazi mwingine kuwa na kitindamimba. Na binti, ambaye pengine ndiye aliyeingoja safari hii kuliko wote, atajikuta akimfuata mzazi aliyebaki mkono mtupu, kama yupo. Bustani zimeweka utaratibu wa kusaidia: baba hupanda huku mama akingoja nje na mdogo, kisha mama naye hupanda bila kupanga foleni upya. Utaratibu huo ni mzuri. Hata hivyo, mwenye watoto watatu wa umri mbalimbali atakwenda siku nzima kwa zamu, kama lindo.

Urefu haupimi woga. Haunted Mansion, nyumba ya mizimu, haina kipimo chochote cha urefu. Mtoto wa kubebwa aweza kuingizwa humo, na wapo wanaotolewa wakipiga mayowe. Hata wale vikaragosi wanaotembea bustanini, ambao mtoto amewapenda katika televisheni, humtisha mtoto wa miaka 2 au 3 anapowaona kwa mara ya kwanza. Katika televisheni panya yule alikuwa mdogo kama kiganja. Sasa ni mrefu kama baba, ana kichwa kama pipa, na hasemi. Mtoto wa miaka 5 huanza kujua kwamba ni mchezo na bado anaupenda. Yafaa mzazi amjue mtoto wake kwa mambo madogo: je, hukimbia ngurumo? Je, akiwa katika umati wa sokoni hushika nguo ya mama, au hujitoa? Majibu hayo yanafaa kuliko tarehe ya kuzaliwa.

Sasa ije hoja ya mama yule ya kwamba mdogo hatakumbuka. Katika hoja zote hii ndiyo isemwayo mara nyingi zaidi na kuchunguzwa kidogo zaidi na wanaoisema. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Nina Hamond na Robyn Fivush, walichapisha uchunguzi juu ya watoto 48 waliopelekwa katika bustani hizohizo za Florida. Nusu yao walikuwa na miaka kama mitatu walipokwenda, na nusu kama minne. Wengine waliulizwa baada ya miezi 6, wengine baada ya miezi 18. Watoto wote, hata wale wadogo, walikumbuka mengi, tena kwa usahihi. Wakubwa walieleza kwa kirefu zaidi bila kudodoswa. Na ilionekana kwamba katika nyumba ambazo safari hiyo ilizungumzwa mara kwa mara, mtoto alikumbuka zaidi.

Lakini kukumbuka leo si kukumbuka daima. Mwaka 2014 Patricia Bauer na Marina Larkina walieleza matokeo ya kuwafuata watoto waliozungumza na mama zao, wakiwa na miaka 3, juu ya mambo yaliyowatokea. Walipoulizwa tena wakiwa na miaka 5 hadi 7, walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya mambo hayo. Walioulizwa wakiwa na miaka 8 au 9 walikumbuka chini ya asilimia 40. Kumbukumbu za utotoni, basi, hazikosekani tangu mwanzo. Huwekwa, kisha huvuja. Watu wazima wengi, wakijaribu kurudi nyuma kadiri wawezavyo, hukomea kwenye umri wa miaka mitatu na nusu hivi.

Kwa jamaa ya sajini, maana yake ni wazi. Kitindamimba wa miezi 18 hatabaki na kitu. Mvulana wa miaka 4 atabaki na vipande, na vipande hivyo vitadumu ikiwa vitazungumzwa. Binti wa miaka 9 ataichukua safari hiyo hadi uzeeni. Na hapa askari ana njia ambayo wengi hawaifikirii. Baba aliye ng'ambo, akipiga simu nyumbani, mara nyingi hukosa la kumwambia mtoto mdogo baada ya "Umekula? Umesoma?" Akimwuliza badala yake, "Wakumbuka ile treni ilipoingia gizani, nani alipiga kelele?" atakuwa ameongeza maisha ya kumbukumbu ile, na simu haitakwisha baada ya dakika mbili.

Picha pia husaidia, ila zina hila yake. Wapo watafiti, mmoja wao akiwa Elizabeth Loftus, walioonyesha mwaka 2002 kwamba baadhi ya watu wazima waliosomeshwa tangazo la uongo walianza kuamini kwamba utotoni walikutana na Bugs Bunny katika bustani ya Disney. Na sungura yule ni mali ya kampuni nyingine kabisa, hawezi kuonekana humo. Basi mtoto aliyepelekwa akiwa mchanga aweza kuja kusimulia safari nzuri ambayo kwa kweli ameijua kwa albamu.

Je, lisilokumbukwa halina faida? La, si hivyo. Mtoto wa miezi 18 hucheka kwa kweli siku hiyo, na kicheko chake hakihitaji kukumbukwa ili kiwe halali. Ila kicheko hichohicho hupatikana kwa ndoo ya maji na kikombe cha plastiki uani. Anayempeleka mtoto mchanga Florida kwa ajili ya mtoto huyo anajidanganya. Anayempeleka kwa kuwa hana wa kumwachia anasema kweli, na hao ndio wengi. Sajini na mkewe hawana bibi wa karibu. Bibi yuko ng'ambo ya bahari, na jirani mwema wa kambini aweza kumshika mtoto kwa alasiri moja, si kwa siku nne.

Juu ya jua na miguu hapana haja ya kusema mengi. Mtu mzima hutembea kilomita 10 au zaidi kwa siku katika bustani hizo, na mwezi wa Juni joto la mchana huko hufikia nyuzi 32 au 33, na mvua ya radi hunyesha alasiri nyingi, michezo ya nje ikasimamishwa. Mtoto wa miaka 4 atahitaji kigari cha kusukumwa hata kama nyumbani amekwisha kukiacha. Usingizi wa mchana usiibiwe. Jamaa inayoingia mapema asubuhi lango linapofunguliwa, ikatoka saa sita, ikalala, ikarudi jioni, huona mengi kuliko ile inayokaza mwendo hadi usiku kwa sababu tiketi ni ghali. Mtoto aliyechoka hana habari ya bei ya tiketi.

Jambo linalosahauliwa kabisa ni umri wa likizo ya baba mwenyewe, yaani siku ngapi zimepita tangu atoke kazini. Kila usiku bustani ile kuu hurusha fataki. Kwa mtoto wa miaka 2 ni mlio wa kutisha, na mama atamziba masikio. Masikio ya baba hayazibwi na mtu. Madaktari wanaowahudumia askari waliotoka vitani huko Marekani wamekwisha kueleza mara nyingi kwamba fataki, hasa zilipukazo bila kutazamiwa, zaweza kumrudisha mtu mahali alipokwisha kupaacha. Si woga, wala si aibu, na askari mwenye miaka mingi kazini hana kinga zaidi ya kuruta. Vivyo hivyo polisi aliyezoea kusimamia umati hawezi kusimama ndani ya umati wa maelfu bila kuhesabu milango ya kutokea. Watoto wanatazama jumba la mfalme, yeye anatazama mikono ya watu. Mtu wa namna hiyo hurudi hotelini amechoka kuliko alivyokuwa doria.

Saa ya fataki hutangazwa mapema. Ajuaye saa aweza kuketi mbali, au kuwa chumbani mapazia yamefungwa, na watoto wakapelekwa na mzazi mwingine. Hilo na lizungumzwe na mke na mume kabla ya safari, si chini ya fataki zenyewe. Na ikiwa baba bado huamka usiku, huketi sebuleni mpaka alfajiri, safari yaweza kungoja miezi miwili hata kama watoto wote wamefikia kipimo.

Sajini alipofika hapo katika hesabu yake alinyamaza kidogo, kisha akasema mlio haumsumbui. Kinachomsumbua ni foleni. Mkewe alicheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Ndipo naye alipotoa lake, ambalo lilikuwa limejificha nyuma ya nepi tangu mwanzo.

"Miezi tisa nimekuwa baba na mama," alisema. "Nikienda Florida kumshika huyu mdogo juu ya benchi huku nyinyi mkicheza, sikwenda likizo. Nimehamisha jiko tu."

Maneno hayo ndiyo kiini cha jambo lote, na yafaa yasikiwe na akina baba. Umri unaofaa si wa mtoto mmoja. Ni wa nyumba nzima, akiwemo mama. Jamaa ambayo mdogo wake ana miaka 5 au 6 hutembea pamoja, hula pamoja, hupanda pamoja michezo mingi, na hapana anayebaki nyuma. Huo ndio wakati mzuri kuliko wote, na mwenye kuweza kungoja na angoje. Lakini kitindamimba wa sajini akifikia miaka 5, binti atakuwa na miaka 12 na nusu, na huenda akapenda kwenda na rafiki zake kuliko na baba yake. Tena hakuna ajuaye baba atakuwa nchi gani mwaka huo. Askari anayengoja mpaka kila mtoto afikie kipimo aweza kukuta mmoja amekwisha kukipita.

Walichofanya kilikuwa kupanga siku badala ya kupanga miaka. Ndani ya eneo lile la Florida, karibu na bustani ya kwanza, iko hoteli iitwayo Shades of Green, ambayo jeshi la Marekani liliikodi mwaka 1994 na kuinunua mwaka 1996 kwa ajili ya wanajeshi na jamaa zao. Bei ya chumba hufuata cheo: mwenye cheo cha chini hulipa kidogo kuliko ofisa. Chumba hupokea watu watano, ambao ndio hesabu kamili ya nyumba hii. Wanajeshi huuziwa pia tiketi za bustani kwa bei iliyopunguzwa. Kwa kuwa hoteli iko hapohapo, si lazima watu wote waingie bustanini siku zote.

Binti na mvulana wangepata siku mbili za bustani. Siku ya kwanza baba angekwenda nao, na mama angebaki hotelini na kitindamimba, alale mpaka apendapo, aende bwawani. Mvulana alipimwa mlangoni, akapatikana na sentimita 104 na viatu. Akaelezwa waziwazi ni treni zipi angepanda na zipi zingemngoja mpaka awe mkubwa, naye alilia usiku ule nyumbani, mahali pazuri zaidi pa kulilia. Binti aliahidiwa Space Mountain na mama yake, siku ya pili, kwa kuwa baba hapendi kukimbizwa gizani na hakuona haya kusema hivyo.

Siku hiyo ya pili ndiyo iliyoleta ubishi mrefu kuliko tiketi na joto vikiwekwa pamoja. Mama angekwenda bustanini na wale wawili tangu asubuhi. Baba angebaki na kitindamimba peke yake, kutwa nzima, na chupa, na nepi, na mtoto asiyemjua.

"Atalia," alisema sajini.

"Atalia mpaka saa nne hivi," alijibu mkewe. "Kisha atataka maji. Mpeleke bwawani, umshike chini ya kwapa, usimwache ateleze. Kofia yake iko katika mfuko wa bluu."

Sajini aliichukua ile karatasi ya hesabu. Chini ya bei za tiketi aliandika: kofia, mfuko wa bluu, saa nne.